Pimbi Mwonjaji na Kibuyu cha Mkono wa Kulia

Mikono iko kazini?

— Iko kazini!

Na masikio je?

— Hayana kazi!

Niyape?

— Yape!

Yakichoka?

— Yatavumilia!

Haya. Hata mimi nimechoka, kidole gumba kinaniuma tangu gunia la kwanza, na mahindi ya mwaka huu ni magumu kama kokoto. Lakini mmeomba ngano, nitawapa ngano. Pukuchueni huku mnasikiliza. Wewe Kabula, usiniangalie usoni, angalia gunzi lako.

Hapo kale, ila si kale sana, palikuwa na kilima cha mawe, na juu ya kilima palikuwa na chemchemi. Maji yalitoka kwenye jicho la chemchemi, yakajaza bwawa la juu, yakafurika, yakateremka kwenye mawe, tiri tiri tiri, mpaka bwawa la chini. Bwawa la chini lilikuwa la wanyama wote. Bwawa la juu lilizungushiwa uzio wa miiba, na mlangoni walisimama Nyani wawili wenye fimbo. Ukiuliza uzio wa nini, unaambiwa ni kwa usalama wa maji.

Mkuu wa Maji alikuwa Kiboko. Msiniulize nani alimchagua, mimi nilipoikuta hadithi yeye tayari alikuwa amekalia kiti. Kila asubuhi Kiboko aliamka, akanywa kwenye jicho la chemchemi, gulu gulu gulu, mpaka akatosheka. Kisha aliingia bwawa la juu na rafiki zake, tubwi, wakaoga. Na mnajua Kiboko akiwa majini anafanya nini na kile kimkia chake. Anakipepea, chwa chwa chwa, na yote yaliyolala tumboni yanatawanyika huku na huku. Halafu maji yale yale, tiri tiri tiri, yanateremka kwa wananchi.

Sasa kulikuwa na desturi. Hakuna mnyama aliyeruhusiwa kugusa maji ya bwawa la chini kabla hayajaonjwa. Na mwonjaji alikuwa Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mdogo wa mawe, mkia hana, shingo hana, lakini sauti anayo. Akilia juu ya jabali, mgeni anakimbia akidhani ni dude kubwa. Kwa sauti hiyo ndiyo alipewa kazi. Kila asubuhi alishuka na kata yake, akachota, akaonja, chup, akapanda juu ya jiwe, akapaza sauti:

"Safiii!"

Na foleni nzima ikaitikia, "Tunashukuru!" Ndipo wakanywa.

Kwa kazi hiyo Pimbi alipewa jabali. Liliitwa Jabali la Mwonjaji, lenye nyufa za kina, asubuhi linapata jua, mchana lina kivuli. Msidhani ni nyumba tu. Pimbi akiwa uwandani, Tai anamwona toka mbali, anashuka, vuu, habari imekwisha. Jabali lile lilikuwa uhai wake, na wa mkewe, na wa watoto wake wawili. Na lilikuwa jabali la kazi. Kazi ikiisha, na jabali linaisha.

Mwaka wa kwanza Pimbi alisema "Safiii" kwa moyo mweupe. Maji yalikuwa na ladha ladha fulani, akadhani ni tope. Mwaka wa pili, wakati wa masika, mvua iliangusha kipande cha uzio. Pimbi akapita pale, akaona. Akaona Kiboko, akaona mkia, akaona chwa chwa chwa. Akasimama pale kwenye mvua mpaka akalowa chapachapa.

Akaenda nyumbani, akamwambia mkewe. "Mama Limi, yale maji si maji."

Mkewe akasema, "Baba Limi, umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi liishie kwangu. Tuna watoto. Tai hana likizo."

Pimbi akanyamaza. Asubuhi akashuka na kata yake, akaonja, chup, akatema nyuma ya jiwe, akapanda, akapaza sauti. "Safiii!" Wakaitikia, "Tunashukuru!" Kesho yake akaonja, akatema, akapaza sauti. Na keshokutwa. Nyumbani kwake yeye walikunywa maji ya mvua yaliyotuama kwenye nyufa za jabali. Mnanitazama hivyo kwa nini? Nimewaambia ni shujaa? Sijasema bado.

Maradhi yakaingia. Huyu anaharisha, yule anatapika, mwingine amekonda mpaka mbavu unaweza kuzipiga kama marimba. Mkuu wa Maji akatoa tangazo: wanyama wanawe miguu. Wakanawa miguu, kwa maji yale yale. Kiangazi kikaja, wakaanza kufa, na wa kwanza kufa ni wadogo.

Kulikuwa na mama mmoja, Mama Ngiri. Alikuwa na watoto wawili, Tabu na Subira. Tabu akafa kiangazi hicho. Mwaka uliofuata Subira naye akaanza kuharisha. Asubuhi moja Mama Ngiri alikuja kwenye foleni, mtoto kamlalia mgongoni, hana hata nguvu ya kushika. Pimbi alikuwa ameshapaza sauti yake, anashuka kwenye jiwe. Mama Ngiri akamsimamisha.

"Asante, mwonjaji," akasema. "Yaani sijui huyu mtoto anaugua nini. Lakini angalau maji nina hakika nayo. Bila wewe tungekunywa kitu gani?"

Akampa mtoto maji, taratibu, kidogo kidogo, huku anamfuta mdomo. Pimbi akatazama. 

Siku hiyo hakula. Jioni akamwambia mkewe, "Mama Limi, siwezi tena."

Mkewe akainuka. Alianza kukusanya majani makavu ya kulalia watoto, kama mtu anayejua watahama.

Pimbi akafanya kama wanavyofanya wenye adabu: akaenda ofisini. Akamkuta Kiboko amejilaza nusu majini, nusu juani.

"Mkubwa, shikamoo."

"Marahaba. Sema."

"Mkubwa, maji ya chini yana harufu."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Harufu ni kazi ya pua. Wewe tuliajiri mdomo."

"Hata mdomoni, mkubwa, ladha yake—"

"Pimbi. Watoto wako hawajambo?"

"Hawajambo."

"Jabali bado lina kivuli kizuri?"

"Lina kivuli."

"Basi nenda kapumzike kivulini." Akafumba jicho.

Pimbi akaenda kwa Nyati, mwenyekiti wa baraza la wanyama. Nyati akamsikiliza vizuri sana, akatikisa kichwa, akasikitika. Kisha akasema, "Jambo hili ni zito. Linahusu maji. Na malalamiko yote ya maji, kwa utaratibu, yanapelekwa kwa Mkuu wa Maji." Akaita tarishi, akayapeleka. Kabla jua halijageuka, Kiboko alikuwa ameshajua kila neno, na Nyani wa fimbo walikuwa wamehamia mbele ya Jabali la Mwonjaji, wameketi tu, wanatafuna karanga.

Ndio hapo Pimbi alipoona njia ya adabu imefungwa. Akakaa juu ya jabali, akawaza. Mnyama mdogo akinyang'anywa kila kitu anabaki na akili tu, na hiyo nayo inachoka.

Kulikuwa na sikukuu moja kila mwaka, kabla ya vuli. Waliiita Siku ya Vibuyu. Wanyama wote walikusanyika, wageni wakaalikwa kutoka vilima vingine, ngoma ikapigwa. Pimbi alichota maji ya bwawa la chini kwa vibuyu viwili mbele ya watu, akavipeleka nyuma ya pazia la nyasi kuvifunika, kisha akavileta jukwaani. Kimoja alikunywa Mkuu wa Maji. Kingine alikunywa mwananchi mmoja aliyechaguliwa. Wanywe pamoja, bega kwa bega, ili ionekane mkubwa na mdogo wanakunywa maji mamoja. Kisha Kiboko anasema, "Maji ni ya wote," na wote wanapiga vigelegele.

Nyuma ya pazia, sasa, kilikuwepo kibuyu cha tatu. Hicho kilichotwa alfajiri kwenye jicho la chemchemi. Pimbi alitoa kimoja cha chini, akaweka hicho mahali pake. Cha mkono wa kulia kilikuwa cha mkubwa, maji matamu. Cha mkono wa kushoto kilikuwa cha mwananchi. Hivyo ndivyo alivyoagizwa, na hivyo ndivyo alivyofanya kila mwaka.

Siku tatu kabla ya sherehe, Pimbi akamtembelea Kanga. Huyu Kanga alikuwa na madoa mazuri na mdomo usiolala, na kazi ya uonjaji aliitamani siku nyingi, kila mtu alijua. Pimbi akamsogelea, akashusha sauti.

"Rafiki yangu, nikuambie jambo. Lakini lisitoke."

"Mimi tena?" akasema Kanga. "Mimi kaburi."

"Siku ya Vibuyu nitavigeuza. Cha mkubwa nitaweka kushoto, cha mwananchi nitaweka kulia. Kiboko atakunywa maji anayotunywesha sisi."

Kanga akashika kifua. "Maskini Pimbi. Umeamua?"

"Nimeamua. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani?"

Pimbi hajafika hata kwenye kona, anasikia nyuma yake, keh-keh-keh-keh-keh, Kanga huyo anapanda kilima mbio mbio kwa Kiboko, vumbi nyuma.

Kiboko aliposikia alicheka mpaka maji ya bwawa yakamwagika. "Ana akili kidogo," akasema. "Mwacheni alete vibuyu vyake. Nitamwonyesha akili kubwa."

Ikafika Siku ya Vibuyu. Ngoma, du-du-du, du-du-du. Wageni wamekaa mbele. Mwananchi aliyechaguliwa mwaka ule alikuwa Mama Ngiri, na Subira wake yuko pembeni, amelazwa juu ya kanga kuukuu. Nguo, jamani, si ndege. Pimbi akachota mbele ya watu, akaingia nyuma ya pazia, akatoka na vibuyu viwili kwenye sinia. Akaviweka mezani.

Hakuvigeuza. Kama kila mwaka, maji matamu kulia, maji ya bwawa kushoto.

Akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Mkubwa, chako ni cha mkono wa kulia."

Na hilo, mnisikilize, ndilo lilikuwa neno la kweli la kwanza Pimbi kulisema kwenye kazi ile tangu uzio ulipoanguka.

Kiboko akamtazama. Akaona anatetemeka. Akatabasamu na meno yake yote. "Cha kulia, eh?"

"Cha kulia, mkubwa."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Kiboko akawageukia wageni, akasema kwa sauti ya baba wa wote, "Mwaka huu nitatangulia kumheshimu mwananchi. Mama Ngiri, chukua hiki cha kulia, chako. Mimi nitakunywa cha kushoto." Na jicho moja akamkonyeza Kanga.

Wanyama wakapiga makofi. Kiboko akanyanyua kibuyu cha kushoto, akafungua lile domo lake, akakimimina chote kwa mkupuo mmoja ili amkomeshe Pimbi. Gulu gulu gu—

Akasimama. Mashavu yamejaa. Macho yamemtoka.

Phuuuu!

Ikawapata wageni wa mbele wote.

"Nani ameweka kinyesi kwenye maji yangu?" akanguruma.

Hata ngoma ilisimama.

Pimbi akapanda juu ya jiwe lake la kila siku. Ile sauti yake kubwa, alikuwa ameitumia miaka kwa neno moja tu, sasa akaitoa kwa maneno mengine. "Mkubwa, hayo si yako. Hayo ni ya bwawa la chini. Ndiyo wanayokunywa hawa kila siku, na kinyesi ni chako. Mama Ngiri, hebu onja hicho cha kulia uwaambie."

Mama Ngiri akaonja. Akaonja tena. Machozi yakaanza kumtoka. "Ni matamu," akasema. "Sikujua maji huwa hivi." Akainuka na kibuyu kile, akaenda akampa mtoto wake.

Basi uzio ukavunjwa siku hiyo hiyo. Nyani walitupa fimbo wakawa wa kwanza kuvunja, nadhani mnawajua watu wa namna hiyo. Wanyama wakapanda juu, wakaona bwawa, wakaona vyote vilivyoelea, wakajua.

Mimi ningependa kuishia hapa. Mnyonge kashinda, mwenye nguvu kaaibika, tukapike ugali. Lakini ngano haikuishia hapo, na mimi siwezi kuikata mkia. Pukuchueni.

Kesho yake Nyati akaitisha baraza. Kiboko akaletwa, Pimbi akaletwa. Kiboko akasimama wa kwanza, kwa upole sana, kama mwenye msiba.

"Ndugu zangu, mimi nimeumia kuliko wote. Kila asubuhi nilisikia kwa masikio yangu, 'Safiii.' Mimi si mtaalamu wa ladha. Mtaalamu alikuwepo. Nilimwamini."

Wanyama wakanung'unika. Wakaanza kumgeukia Pimbi.

Akasimama Kanga. "Mimi alinidanganya. Aliniambia atavigeuza vibuyu, na hakuvigeuza. Mtu anayeweza kumdanganya rafiki yake wa karibu, ataacha kumdanganya nani?"

"Ni kweli ulimdanganya Kanga?" akauliza Nyati.

"Ni kweli," akasema Pimbi.

"Iandikwe," akasema Nyati. Kosa la kwanza, kumdanganya Kanga. Kosa la pili, kutoa siri ya ofisi. Kosa la tatu, kumwaibisha kiongozi mbele ya wageni, na wageni wenyewe kwenda kwao wamelowa.

Pimbi alisikiliza hayo yote bila kuinamisha kichwa. Nadhani aliyatarajia. Lililomwinamisha lilikuwa jingine. Mama Ngiri alitoka nyuma, akapita katikati ya baraza, akasimama mbele yake. Hakupaza sauti.

"Ulijua lini?" akamuuliza.

"Masika ya mwaka jana."

"Tabu wangu alikufa kiangazi cha mwaka jana."

"Najua."

"Asubuhi ya siku aliyokufa, ulipanda kwenye jiwe?"

"Nilipanda."

"Ulisema nini?"

Pimbi angeweza kusema habari za jabali, na Tai, na watoto wake, na Nyani waliokaa mlangoni wakitafuna karanga. Yote yalikuwa kweli. Hakusema hata moja.

"Nilisema safi," akajibu.

Mama Ngiri akarudi akakaa. Na baada ya hapo hakuna aliyemtetea Pimbi, hata wale waliokuwa wanataka.

Hukumu ikatoka. Kiboko aliondolewa ukuu wa maji kwa shukrani. Alipewa kona pana ya mto, peke yake, akapumzike kwa utumishi wake wa muda mrefu, na alipoondoka aliagwa kwa ngoma. Kazi ya uonjaji akapewa Kanga, pamoja na jabali. Kanga, jamani. Kanga analala juu ya mti. Jabali analitaka la nini? Lakini ni jabali la kazi, akapewa. Na Pimbi akaambiwa aondoke kwenye mawe kabla ya jua la saa sita.

Mkewe alikuwa ameshafunga mizigo. Watoto alikuwa anawapeleka kwa kaka yake, kwenye vilima vya mashariki, na shemeji alishatuma neno kwamba dada na watoto karibuni, huyo mwingine hapana, nasi tuna wakubwa wetu huku.

"Mama Limi," akasema Pimbi, "nawe unanilaumu?"

Mkewe akampandisha mtoto mdogo mgongoni, akamfunga. "Nilikuambia usiseme, ukasema," akamjibu. "Na wewe ulijua tangu mwanzo kwamba ungesema, ila ukangoja mtoto wa mtu afe kwanza. Mimi nimekosa vyote viwili, Baba Limi. Sina mume aliyenyamaza, wala sina mume aliyesema mapema." Alisema hivyo, halafu akalia, kwa sababu alikuwa anampenda. Kisha akaondoka na watoto.

Pimbi akahamia uwandani, kwenye shimo lililoachwa na Muhanga. Mchana hakuthubutu kutoka nje kwa ajili ya Tai, isipokuwa mara moja kwa siku, kwenda kunywa. Alitambaa chini ya nyasi mpaka bwawani, akasimama mwisho kabisa wa foleni. Hakuna aliyempisha. Akijaribu kusogea, mtu anakohoa. Waliokuwa wanaharisha wamepona, wamenenepa, wanang'aa, na wanamkohoa. Walikunywa wote, hadi vyura, ndipo yeye akanywa yaliyobaki.

Na maji yalikuwa mazuri, hilo tuseme ukweli. Kanga alishuka kila asubuhi, akachovya mdomo, akapiga kelele, "Safi-safi-safi-safi!" Wakaitikia, "Tunashukuru!" Tena kwa bidii kuliko zamani.

Zikapita siku, ikapita vuli. Kanga akawa na mambo mengi. Siku nyingine alichelewa, akapiga kelele akiwa bado yuko mtini, mdomo haujagusa maji. "Safi-safi-safi!" Wanyama wakaitikia, "Tunashukuru!" wakanywa.

Mama Ngiri alikuwa kwenye foleni, Subira kando yake, sasa ana nguvu, anachezea tope. Mama Ngiri alimtazama Kanga kule juu mtini. Akatazama maji. Zamu yake ikafika, hakunywa. Akamshika mtoto, akasogea pembeni, akawapisha wengine. Wakanywa. Wakapita, mmoja mmoja, wakimshangaa, mpaka ikabaki foleni ya mnyama mmoja tu, yule wa mwisho.

Pimbi akafika kwenye maji, akamwona Mama Ngiri amesimama nyuma yake. Akasogea haraka kumpisha.

"Hapana," akasema Mama Ngiri. "Kunywa."

"Mama, wewe ndiye uliyetangulia."

"Nimesema kunywa." Hakuwa anamtazama usoni. "Mimi wewe sikupendi. Sitakupenda mpaka nife, kwa hiyo usinisalimie. Lakini hapa hakuna mwingine niliyemsikia akisema neno lililomtoa nyumbani kwake. Onja."

Pimbi akainama, akaonja. Hakutema. Akakaa na maji yale mdomoni, akayasikiliza kwa ulimi, kisha akameza.

"Ni safi," akasema, kwa sauti ndogo.

Mama Ngiri akainama, akanywa. Kisha akamnywesha mtoto.

Na tangu siku hiyo ikawa hivyo. Kanga anapiga kelele mtini, foleni inaitikia, wanakunywa, wanaondoka. Pimbi anatambaa chini ya nyasi na jicho moja angani, anakunywa wa mwisho kwa desturi. Na nyuma ya huyo wa mwisho wanasimama wawili, mama na mtoto, wanangoja ameze. Hawasalimiani. Akimeza, wanakunywa. Wanyama wengine wanawacheka sana.

Ngano imefika kikomo. Aliyeshiba aondoke nayo, aliyebaki na njaa akapike yake.

Mnataka na fundisho? Ngano gani isiyo na fundisho. Haya, fundisho ni hili, mlishike vizuri, mkawafundishe na watoto wenu: ukipewa jabali, kaa juu yake utulie. Mkubwa akisema maji ni safi, kunywa, sema asante, nawa miguu. Na ukishindwa kabisa, ukaona lazima useme, basi usiwe umechelewa, usiwe na mke, usiwe na watoto, usiwe umewahi kukosea hata siku moja tangu uzaliwe, hapo tutakusikiliza. Pimbi hakulijua hili, ndiyo maana analala shimoni.

Haya, nani amemaliza debe lake?